Debe la Mahindi Peke Yake Halitoshi: Historia ya Chakula cha Mchana cha Mtoto wa Shule



Kila baada ya mavuno huwa naalikwa kwenye vikao vya wazazi shuleni. Ajenda ni ileile: debe la mahindi. Nani ametoa, nani hajatoa, na mtoto wa asiyetoa ale au asile? Kikao kinaweza kuchukua asubuhi nzima kwa mahindi tu. Ni mara chache nimesikia mzazi akisimama na kuuliza: na mboga je? Nyumbani hakuna anayekubali kuwekewa ugali mtupu. Kwa nini basi tunaona ni sawa mtoto ale mahindi matupu shuleni? Jibu nimelikuta kwenye historia. Leo naomba turudi nyuma kidogo, kisha tumalizie jikoni kwako na mfukoni kwako.

Kibaba na posho

Unaijua methali ya haba na haba. Lakini kibaba chenyewe kilikuwa nini? Kilikuwa kipimo cha nafaka, uzito wa kama ratili moja na nusu, na vibaba vinne vilifanya pishi moja. Katika karne ya 19, misafara ilipotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, kibaba cha nafaka ndicho kilichohesabiwa kuwa chakula cha mpagazi mmoja kwa siku. Chakula hicho cha kugawiwa kiliitwa posho. Leo tukisikia posho tunafikiria fedha za kikao, lakini mwanzo wake ni nafaka.

Baadaye yakaja mashamba makubwa. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893, na wafanyakazi wakatoka mikoa ya mbali bila wake zao wala bustani zao. Wakapewa posho, na posho ikawa hasa unga wa mahindi. Sababu yake ni rahisi: nafaka inapimika, inabebeka, inakaa ghalani. Mchicha haupimwi kwa debe wala hausubiri mwisho wa mwezi. Kwa hiyo kila aliyelisha watu wengi kwa pamoja, iwe shamba, jela au shule ya bweni, alianza kuhesabu nafaka. Mboga ikabaki ya kujitafutia. Vikao vyetu vya leo bado vinahesabu vivyo hivyo.

Mtoto aliposhuka dunguni

Mahindi si ya asili yetu. Yametoka Amerika, na yaliingia pwani yetu baada ya Wareno kufika. Kabla ya hapo bara ilikula mtama, uwele na ulezi, pamoja na kunde, njugu mawe na mboga za majani kama mlenda.

Mahindi yalishinda kwa sababu nyingi, lakini iko moja inayohusu shule moja kwa moja. Mtama na uwele hubeba punje zikiwa wazi, na ndege huzimaliza. Lazima mtu akae dunguni kuamia ndege tangu alfajiri hadi jioni, na kazi hiyo ilikuwa ya watoto. Hindi limefunikwa na maganda yake, halihitaji mlinzi wa namna hiyo. Kadiri watoto walivyoingia darasani, hasa baada ya Azimio la Musoma la 1974 na mpango wa elimu ya msingi kwa wote wa 1977, dungu lilikosa mtu. Mama akiwa peke yake shambani, mahindi yalikuwa chaguo la akili.

Sisemi tuwarudishe watoto dunguni. Nasema tuone tulichopoteza. Ulezi una madini mengi ya chokaa, yale yanayojenga mifupa. Tulibadilisha nafaka, kisha tukaenda mashineni tukaikoboa. Sembe nyeupe inapendeza machoni, lakini pumba na kiini vimebaki kwa mwenye mashine, na vitamini nyingi zimeondoka navyo. Dona huwa navyo, ila haikai muda mrefu, basi saga kidogo kidogo.

Walichopima Gilks na Orr

Mwaka 1931 watafiti wawili, Gilks na Orr, walichapisha utafiti uliofanyika Kenya juu ya vyakula vya Wamasai na Wakikuyu. Waliandika kwamba wanaume wa Kimasai, waliokula maziwa, nyama na damu, walikuwa warefu kwa wastani wa inchi 5 na wazito kwa ratili 23 kuliko wanaume wa Kikuyu, ambao walikula zaidi nafaka. Utafiti huo umekosolewa, na kwa haki, maana makabila hayo yana asili tofauti na maisha tofauti. Lakini kuna jambo ndani yake ambalo halitajwi sana: wanawake wa Kikuyu hawakuwa mbali na wenzao wa Kimasai kama walivyokuwa wanaume. Wao walikula majani mabichi ya mboga kwa wingi, chakula ambacho wanaume waliona ni cha wanawake.

Mwanamume anayesema majani ni chakula cha mbuzi, na asome aya hiyo mara mbili.

Karanga za Kongwa, bulga na shamba la shule

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Uingereza ilikosa mafuta ya kula. Ikaanzisha mradi mkubwa wa karanga katika Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yakaletwa, visiki vikavunja mitambo, udongo wa Kongwa ukakauka ukawa mgumu kama saruji, mvua ikagoma. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, baada ya kumeza pauni kama milioni 36. Leo mkulima wa Dodoma analima karanga kwa jembe la mkono kwenye mkoa uleule. Karanga zilezile zilizokuwa ziende kwenye sahani za Waingereza zinaweza kukaa kwenye kopo la mwanao, konzi moja kila siku.

Baada ya uhuru kikaja chakula cha msaada. Wazee wetu wanaikumbuka bulga, ngano iliyochemshwa na kupondwa kutoka Marekani, pamoja na maziwa ya unga. Wanaukumbuka pia ugali wa mahindi ya njano miaka ya njaa ya 1974, ulioitwa Yanga kwa rangi yake. Msaada ule uliokoa maisha, lakini meli isipokuja, sufuria haina kitu. Kenya nao walikuwa na maziwa ya Nyayo kwa watoto wa shule kuanzia 1979, na miaka ya tisini mpango ukafifia hadi ukasimama.

Njia nyingine ilikuwa ya kwetu. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, na shule zikatakiwa ziwe na mashamba. Wazo lilikuwa zuri. Udhaifu wake unaujua mwenyewe kama ulisoma miaka hiyo: mahali pengi mtoto aliona jembe kama adhabu, na kilichovunwa kilikuwa nafaka ileile au zao la kuuza. Mwaka 2016 ada na michango ya lazima ikaondolewa, lakini chakula cha mchana cha mwanafunzi wa kutwa kimebaki mikononi mwa mzazi. Mikononi mwako.

Tarime, 1985

Nikueleze kwa nini jambo hili si la kuchezea. Mwaka 1985, wakati wa ukame, wilaya ya Tarime ilikumbwa na ugonjwa unaoitwa konzo. Watu, wengi wao watoto na wanawake, walipoteza nguvu za miguu ghafla, na ulemavu wa konzo hauponi. Chanzo kilikuwa mihogo michungu iliyoliwa bila kuandaliwa vya kutosha, kwa sababu njaa haikusubiri ilowekwe na kukauka. Lakini kulikuwa na sababu ya pili. Mwili huiondoa sumu ya muhogo kwa kutumia protini, na waliokuwa wakila muhogo mtupu, bila maharage, samaki wala maziwa, hawakuwa na kinga hiyo. Kitoweo hakikuwa anasa pale. Kilikuwa miguu ya mtoto.

Makande ya Embu

Ushahidi mwingine ni wa hapa jirani. Kuanzia 1998, katika shule 12 za wilaya ya Embu, Kenya, watafiti waliwapa watoto wa darasa la kwanza githeri, ambayo sisi tunaiita makande. Kundi moja lilipewa makande yaliyoongezwa mafuta, la pili makande na maziwa, la tatu makande yenye nyama kidogo ya kusaga. Kundi la nne halikupewa kitu wakati huo. Nguvu ya chakula katika makundi matatu ilikuwa karibu sawa.

Baada ya takriban miaka miwili, watoto wa makande na nyama ndio waliopiga hatua kubwa zaidi kwenye majaribio ya kufikiri, na hata uwanjani walichangamka zaidi. Waliopewa maziwa, hasa wadogo waliokuwa wamedumaa, walirefuka zaidi. Tumbo lilijaa kwa wote watatu. Tofauti ilikuwa kile kidogo kilichoongezwa. Kwako si lazima kiwe nyama: dagaa wa kusaga, yai, maziwa ya mbuzi, ndiyo njia ya mtu wa kipato chetu.

Sasa tupige hesabu

Mwaka wa shule una siku za masomo zaidi kidogo ya 190. Ukimpa mtoto shilingi 200 kila asubuhi anunue barafu au andazi getini, mwaka ukiisha umetoa shilingi 38,000. Huwezi kuona fedha hiyo ikiondoka kwa sababu inaondoka haba na haba. Tuseme baada ya mavuno kilo ya maharage kwako ni shilingi 2,000. Fedha hiyo ni kilo 19. Gawanya kwa siku 190: ni gramu 100 za maharage makavu kwa siku, zenye protini gramu 20 au zaidi. Mtoto mmoja hahitaji zote mchana mmoja, kwa hiyo watoto wawili wanakula mwaka mzima kwa fedha iliyokuwa ya barafu ya mmoja. Bei kwako ikiwa tofauti, weka ya kwako, lakini fanya hesabu.

Kazi ni kununua au kuweka akiba wakati wa mavuno. Tenga gunia la shule siku ileile unayopura, kabla mnunuzi hajafika. Kausha vizuri, weka kwenye mfuko usiopitisha hewa, funga sawasawa. Punje zilizoota ukungu usimpe mtoto, wala usizipeleke shuleni kama mchango. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, na kupika hakuiondoi.

Kama mtoto anabeba chakula, kumbuka kinapikwa alfajiri na kuliwa mchana. Usiweke tui la nazi, wala mchuzi mwingi, vitachacha. Hivi hapa ni vya wiki moja, badilisha kwa msimu:

Jumatatu, viazi lishe vya kuchemsha na karanga za kukaanga.
Jumanne, makande makavu yaliyopikwa kwa mafuta kidogo, na pera.
Jumatano, chapati au mkate wa mahindi na yai la kuchemsha.
Alhamisi, muhogo mtamu wa kuchemsha na kunde kavu.
Ijumaa, wali na dagaa wa kukaanga waliokauka, na kipande cha papai.

Maharage yaloweke usiku, mwaga maji yale, utaokoa kuni. Tunda lenye uchachu kama pera, embe au limau husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye kunde na majani. Chai ya rangi wakati wa kula hufanya kinyume, basi mpe kidumu cha maji.

Na wewe mama unayeuza getini, sikukusahau. Sikuambii ufunge biashara. Kashata ya karanga, mayai, muhogo wa kuchemsha na ndizi mbivu vinauzika kama barafu, na mzazi akijua unauza hivyo atamwachia mtoto ile mia mbili bila kunung'unika. Mwenye duka naye anaweza kununua maharage wakati wa mavuno na kuwauzia wazazi kwa kilo kila mwisho wa mwezi. Wateja wapo, na hawapungui hadi darasa la saba.

Kikao kijacho, debe la mahindi likishakubaliwa, naomba mmoja wenu asimame aseme hivi: kwa kila debe nne za mahindi, tuongeze debe moja la maharage au kunde, na kila mtoto apande mche mmoja wa papai nyuma ya darasa. Kama fedha hazitoshi, heri mpunguze mahindi kidogo kuliko kuacha maharage. Mpagazi wa Ujiji alipewa kibaba akaambiwa kitoweo ajitafutie. Yeye alikuwa mtu mzima. Mtoto wa miaka saba hana pa kukitafuta.

Tukutane shambani.