Vespa: pikipiki iliyozaliwa katika kiwanda kilichobomolewa na vita

Vita ya pili ya dunia ilipomalizika mwaka 1945, wakaaji wa Pontedera, mji wa jimbo la Toscana nchini Italia, walibaki na magofu mahali palipokuwa na kiwanda chao. Kiwanda hicho cha Piaggio kilikuwa kinatengeneza ndege za vita. Kwa sababu hiyo kilipigwa mabomu kutoka angani, na Wajerumani walipokuwa wanarudi nyuma nao wakakilipua. Mashine na wafanyakazi kadhaa walikuwa wamehamishiwa Biella, kaskazini mwa nchi. Familia nyingi zilikuwa zimepoteza mshahara.

Mwenye kiwanda, Enrico Piaggio, aliona shida ya raia. Barabara zilikuwa zimeharibika, petroli ilikuwa ya shida, na gari lilikuwa la tajiri. Watu walihitaji chombo cha bei ndogo cha kuwafikisha kazini na sokoni. Pikipiki ya kwanza ya majaribio, iliyotengenezwa Biella, haikumpendeza. Ndipo akampa kazi hiyo Corradino D'Ascanio, injinia wa helikopta.

D'Ascanio hakuzipenda pikipiki. Aliona zinachafua nguo kwa mafuta ya mnyororo, ni ngumu kupanda, na tairi ikitoboka ni taabu kuibadilisha. Basi akaondoa mnyororo na kuweka injini pembeni mwa gurudumu la nyuma, ndani ya kifuniko. Mbele ya miguu akaweka bamba la chuma la kuzuia matope, na gia akaipeleka kwenye usukani. Gurudumu la mbele akalishika upande mmoja tu, kama la ndege, ili litoke upesi.

Inasimuliwa kwamba Enrico alipoiona alisema inafanana na nyigu. Kwa Kiitaliano nyigu ni vespa, na jina likabaki hilo. Tarehe 23 Aprili 1946 pikipiki hiyo iliandikishwa rasmi mjini Firenze.

Mwaka huo wa kwanza zilitengenezwa chini ya 2,500. Lakini watu waliruhusiwa kulipa kidogo kidogo, na mfanyakazi wa kawaida akaweza kuipata. Mwanamke mwenye sketi aliipanda bila shida, padri mwenye kanzu vilevile. Filamu ya Roman Holiday ya mwaka 1953 ikaipeleka sifa yake mbali. Mwaka 1956 Vespa ya milioni moja ilitoka kiwandani.

Haikukosa kasoro. Magurudumu yake madogo yaliteseka kwenye mashimo, na injini yake ilitoa moshi mwingi. Pia ilipata mshindani mapema: mwaka 1947 Ferdinando Innocenti wa Milano, ambaye kiwanda chake cha mabomba ya chuma nacho kilikuwa kimeharibiwa na vita, alileta Lambretta.

Mwaka 1948 Piaggio ilitoa Ape, maana yake nyuki, yenye magurudumu matatu, kwa wafanyabiashara wadogo wa kubeba mizigo. Baadaye kampuni ya Bajaj ya India ilipata ruhusa ya kutengeneza vyombo vya Piaggio. Kwa njia hiyo, bajaji zinazobeba abiria leo katika miji mingi ya Afrika ni wajukuu wa Ape.

Kiwanda cha Pontedera kilijengwa upya. Mikono iliyozoea kuunda ndege za kurusha mabomu ikaanza kuunda chombo cha kumpeleka mtu kazini na kumrudisha nyumbani. Karakana moja ya zamani sasa ni makumbusho, na Vespa za kwanza zinaonyeshwa humo.