Nuru ya Utosini: Paa na Mwanga katika Nyumba ya Mawe

Wahenga walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kuhusu milango ya nakshi ya Lamu na Unguja yameandikwa mengi. Kuhusu mwanga wa aliyeishi nyuma ya milango hiyo yameandikwa machache. Kuta za mawe ni nene, na upande wa njia madirisha ya chini ni haba au hayapo kabisa. Nuru basi ilipita wapi? Ilipita juu.

Katika nyumba ya Lamu ya karne ya 18, mgeni alivuka daka, akapinda kona iliyozuia macho ya wapita njia, kisha akatokea kiwandani, uwanja mdogo ulioachwa wazi kwa mbingu. Kutoka hapo vilipangwa vyumba virefu na vyembamba, kimoja nyuma ya kingine: kwanza misana, halafu ndani. Wembamba huo haukuwa hiari ya mwashi. Dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haiwezi kuvuka zaidi ya mita tatu hivi bila kulemewa na mawe na chokaa iliyo juu yake. Boriti hizo hizo zilipakiwa majahazini hadi Ghuba, ndiyo maana vyumba vya kale vya Kuwait na Bahrain vina upana unaokaribiana na ule wa vyumba vya Lamu. Mwanga wa kiwandani ulipungua chumba baada ya chumba, na kuta zilizopakwa chokaa, pamoja na zidaka zake, ziliupokea uliobaki na kuurudisha.

Kiwanda, kwa hiyo, kilikuwa dirisha la paa lisilo kioo. Waliokijenga walitaka mambo mawili ambayo kwa kawaida hugombana: nuru na sitara. Dirisha la ukutani huleta nuru pamoja na macho ya jirani. Mbingu huleta nuru peke yake. Ua wa nyumba za Unguja ulifanya kazi hiyo hiyo. Mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na mapema Oktoba, jua la Unguja husimama utosini hasa, na adhuhuri miali yake hushuka wima hadi sakafuni.

Lakini palipopita nuru palipita na mvua. Dari ya chokaa hutaka kutunzwa kila mwaka. Ikipasuka, maji huingia na boriti huoza. Mabati yalipoenea, tangu mwishoni mwa karne ya 19, yalionekana kuwa faraja, na dari nyingi za Mji Mkongwe zikavikwa paa la mgongo. Baada ya Mapinduzi ya 1964, nyumba nyingi zilitwaliwa na serikali na kugawiwa familia kadhaa. Ua uliokuwa wa nyumba moja ukawa wa watu wengi, na pengine ukaezekwa ili kupata chumba au jiko. Umeme ulirahisisha uamuzi huo. Beit al-Ajaib, jumba la Sayyid Barghash la 1883 ambalo sehemu yake iliporomoka Disemba 2020, huhesabiwa kuwa la mwanzo kupata taa za umeme Unguja. Nyumba za raia zilifuata polepole. Mwenye swichi ukutani hana haja ya kuitazama mbingu.

Gharama ilidhihirika Mei 2008, umeme utokao Bara kwa waya wa baharini ulipokatika Unguja kwa takriban mwezi mmoja, na tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Aliyeziba ua wake alihitaji kibatari saa sita za mchana, huku jua likiwaka juu ya bati.

Kuirudisha nuru si kazi kubwa, ila yataka adabu ya ufundi. Penye mabati, bati moja hubadilishwa kwa jingine linalopitisha mwanga, la juu likililalia la chini ili maji yasirudi ndani. Penye dari ya mawe, boriti haikatwi ovyo: tundu hutobolewa baina ya boriti mbili, hujengewa ukingo ulioinuka, na kioo huwekwa kwa mteremko. Pawepo pia mwanya wa kutolea joto, kwani jua la utosi halina huruma. Katika Mji Mkongwe, wenye Mamlaka yake ya uhifadhi tangu 1985 na ulioingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, kazi hiyo hutaka idhini kwanza.

Wapo wanaoliona dirisha la paa kuwa pambo la kigeni lisilostahili nyumba ya kale. Historia ya nyumba yenyewe yawakanusha. Waliopoteza zaidi ua ulipozibwa si wapita njia wanaosifu milango, bali wanaoshinda ndani mchana kutwa: wazee, wagonjwa, na wanawake wenye kazi za nyumbani. Hao ndio nyumba ilijengwa kwa ajili yao, na kwao ndiko nuru ilikuwa ikielekezwa tangu hapo.