Spektroskopia ya Raman Juu ya Uso wa Fedha

Ni ilimu ya kuzitambua molekuli zilizoshikamana na uso wa fedha au dhahabu, kwa kuzimulikia nuru ya rangi moja na kuipima ile inayorejea hali imebadilika rangi. Asili yake ni ugunduzi alioufanya C. V. Raman mjini Calcutta mwaka 1928, akatunukiwa Nobel mwaka 1930. Lakini nuru hiyo iliyogeuka ni haba mno, chembe moja katika mamilioni, na kwa hivyo vitu vilivyo vichache vilibaki havionekani.

Mwaka 1974, katika Chuo Kikuu cha Southampton, Martin Fleischmann na wenziwe Hendra na McQuillan waliitumbukiza elektrodi ya fedha katika maji yenye kloridi ya potasiamu na piridini, wakaupitisha umeme huku na huku mpaka uso wake ukakwaruzika, wakitaraji kwamba uso wa namna hiyo utabeba molekuli nyingi zaidi. Ishara waliipata, tena kali, ila sababu waliyoidhania haikutosha: mwaka 1977 Jeanmaire na Van Duyne huko Marekani, na Albrecht na Creighton huko Canterbury, walipiga hesabu wakaona imezidi mara laki moja hata milioni, ziada ambayo hapana mkwaruzo uwezao kuieleza kwa upana wa uso peke yake.

Sababu yenyewe ni kwamba elektroni huru zilizomo katika vijinundu vya fedha, vyenye upana wa makumi ya nanomita, husukwasukwa na nuru zikapwa na kujaa kwa pamoja kama bahari, mwendo uitwao plazmoni, na nguvu ya nuru hukusanyika katika mianya iliyo baina ya vijinundu hivyo. Fedha huishinda dhahabu kwa ukali wa ishara, walakini salfa huitia weusi upesi, na dhahabu hudumu.

Nuru inayomulikwa juu ya fedha haisomi molekuli tu, bali hutenda. Edmond Becquerel alikwisha kuonyesha mwaka 1839 kwamba elektrodi iliyomulikwa huzaa umeme. Na plazmoni inapozimika huacha elektroni zenye nishati nyingi, ziwezazo kuirukia molekuli na kuigeuza. Paraaminothiofenoli, iliyotumiwa miaka mingi kama kipimo, ilidhihirika mnamo 2010 kuwa huungana mbili mbili juu ya fedha kwa nuru ile ile iliyokusudiwa kuitazama tu. Iwapo kazi hiyo ni ya elektroni au ni ya joto, wataalamu wangali wakibishana, na kwa maoni yetu hapo ndipo penye utamu wa ilimu hii.

Ilimu hii yaweza kutumika hata kwa zao la Pemba: eujenoli, iliyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu yanayokenekwa katika Kiwanda cha Makonyo cha Wawi, Chake Chake, ina alama zake karibu na mawimbi 1,600 na 1,640 kwa sentimita, na maji ya karafuu yakichanganywa na nitrati ya fedha huzaa chembe za fedha za aina hii hii. Lakini kwa kuyachungua mafuta ya pipa Raman ya kawaida yatosha. Fedha huhitajiwa pale ambapo eujenoli imebaki kidogo mno, mathalani katika mnofu wa samaki aliyelewezwa kwayo wakati wa kusafirishwa.