Pambano la Upanga Katika Bamba Dogo la Shaba



Kuna picha ambazo humlazimu mtazamaji kuinama. Mojawapo ni ile ya Jacques Callot, mchoraji Mkatoliki aliyezaliwa Nancy, Lorraine, mwaka 1592, ionyeshayo wanaume wawili wakipigana kwa panga. Hufunikwa yote kwa kiganja. Imo katika mfululizo wa picha 50 uitwao Capricci, alioutoa Firenze mwaka 1617 na kumtolea Lorenzo de' Medici, nduguye mtawala Cosimo wa Pili.

Kazi ya namna hiyo huanza kwa kupaka bamba la shaba vanishi. Fundi huchora juu yake kwa sindano, kisha tindikali huila shaba pale tu palipokwanguliwa. Mistari hujazwa wino na kukandamizwa karatasini. Wengi walitumia nta laini, iliyobanduka upesi. Callot aliazima vanishi ngumu ya mafundi wa ala za nyuzi, akapata mistari myembamba kama unywele.

Nakiri kwamba picha inapendeza. Miili ya wapiganaji ni myepesi kama ya wacheza ngoma, na hapo ndipo ninapofadhaika. Kwa maana miaka 54 kabla yake, mwaka 1563, Mtaguso wa Trento ulikuwa umewatenga na Kanisa wapiganao mapambano hayo ya heshima, pamoja na wasimamizi wao. Aliyefia humo alinyimwa maziko ya Kikanisa. Watawala waliotoa uwanja hawakusazwa. Na, jambo linigusalo zaidi, amri iliwataja hata watazamaji.

Wakuu walisikia, wakaendelea. Ufaransa ilitoa sheria kali mwaka 1626. Mwaka uliofuata mtukufu Montmorency-Bouteville akapigana mchana kweupe katikati ya Paris, akakatwa kichwa. Maombi ya jamaa zake hayakumgeuza Mfalme Louis wa 13.

Majeshi ya mfalme huyohuyo yaliutwaa mji wa Nancy mwaka 1633. Mwaka huo Callot, aliyekuwa amekwisha kurudi kwao, alitoa picha 18 za maafa ya vita. Humo askari wanapora nyumba ya mkulima, na watu wananing'inia mtini kwa wingi. Hata hizo ni ndogo, nazo ni lazima uiname ndipo uwaone.