Kasha la miwani: Ala ndogo inayolinda nuru ya macho

MIWANI hukabiliwa na hatari kubwa zaidi inapovuliwa kuliko inapovaliwa. Usoni hushikwa na pua na masikio. Ikivuliwa huwekwa mezani lenzi zikitazama chini, hutiwa mfukoni pamoja na funguo na sarafu, au huachwa kitini ambako mtu mwingine huketi bila kutazama.

Ndiyo sababu kazi ya kuunda makasha ya miwani imeandamana na kazi ya kuunda miwani yenyewe kwa karne nyingi. Hata hivyo, wanunuzi wengi hulichukulia kasha kuwa nyongeza tu kutoka dukani, kitu cha kutupwa pembeni pindi miwani ifikapo nyumbani.

Madhara ya kulipuuza si madogo. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika ripoti yake kuhusu uwezo wa kuona iliyotolewa 2019, lilikadiria kuwa watu wasiopungua bilioni 2.2 wana matatizo ya kuona. Kati yao, wasiopungua bilioni moja wana matatizo ambayo yangeweza kuzuiwa au ambayo bado hayajashughulikiwa. Hao ni pamoja na watu milioni 826 wasioona vyema vitu vya karibu kwa sababu ya umri, hali ambayo aghalabu hutatuliwa kwa miwani ya kusomea tu.

Utafiti uliochapishwa 2018 kuhusu wachumaji majani chai 751 katika jimbo la Assam, India, ulidhihirisha thamani ya miwani hiyo. Wachumaji hao walikuwa na umri wa miaka 40 na zaidi. Tija ya waliopewa miwani iliongezeka kwa takriban asilimia 21.7 kuliko ya wenzao ambao hawakuwa wamepewa.

Kwa mchumaji chai, fundi cherehani au mwalimu, basi, miwani ni zana ya kazi. Panga huwekwa alani ili makali yasiharibike. Miwani nayo yastahili ala yake.

CHIMBUKO

Miwani ilianza kutengenezwa Italia kuelekea mwisho wa karne ya 13. Ushahidi unaotajwa sana ni mahubiri ya mtawa Giordano da Pisa mjini Florence mnamo 1306, ambamo alisema kwamba haijatimia miaka 20 tangu ufundi huo ugunduliwe.

Miwani ya kwanza haikuwa na mikono ya kupitia masikioni. Ilikuwa lenzi mbili zilizounganishwa kwa pini na kubanwa puani au kushikwa kwa mkono. Mtu aliitoa alipotaka kusoma na kuirejesha alipomaliza, hivyo mahali pa kuihifadhi palihitajika tangu mwanzo. Mikono ya kando ilienea katika karne ya 18.

Kila jamii iliunda makasha kwa mali iliyokuwa nayo. Nchini China, enzi za utawala wa Qing, ala za hariri zilizotariziwa maua zilining'inizwa kiunoni pamoja na kifuko cha fedha na ala ya kipepeo. Jijini London, katika karne ya 18, mafundi walifunika makasha ya mbao kwa ngozi ya papa na ya samaki aitwaye taa, iliyosuguliwa hadi ikang'aa.

Mali nyingine iliyotumiwa kuundia makasha na fremu ilikuwa ganda la kasa ng'amba. Ganda hilo ni miongoni mwa bidhaa za kale kabisa za pwani ya Afrika Mashariki; latajwa katika Periplus, mwongozo wa wafanyabiashara wa baharini ulioandikwa kwa Kiyunani katika karne ya kwanza. Biashara ya kimataifa ya ng'amba ilipigwa marufuku chini ya mkataba wa CITES katika miaka ya 1970, kwa kuwa kasa huyo alikuwa akielekea kuangamia. Rangi ya hudhurungi yenye madoa inayoonekana kwenye fremu za leo huigwa kwa plastiki.

MAADUI WATATU

Ili kuelewa namna kasha linavyopaswa kuundwa, sharti kwanza kuwajua maadui wa miwani. Wa kwanza ni vumbi. Ndani ya vumbi mna chembe za kwazi, madini yaliyo magumu kuliko kioo, na magumu zaidi kuliko plastiki inayotumiwa kuundia lenzi nyingi siku hizi. Chembe moja iliyonaswa kati ya lenzi na kitambaa yatosha kuacha mkwaruzo usiofutika.

Lenzi za polikaboneti, ambazo husifiwa kwa kutovunjika zikigongwa, ndizo hukwaruzika upesi. Kwa hiyo hupakwa utando mgumu wa kuzikinga. Utando huo husaidia, lakini haulizuii kila chembe.

Adui wa pili ni mgandamizo. Miwani ikikandamizwa begani mwa mfuko uliojaa vitabu, si lazima ivunjike papo hapo. Aghalabu mikono hupindika kidogo, lenzi zikahama mahali pake mbele ya mboni, na mvaaji akaanza kuumwa na kichwa bila kujua chanzo.

Wa tatu ni joto. Ndani ya gari lililoegeshwa juani, joto laweza kupita nyuzi 60 za selsiasi, hasa juu ya dashibodi. Lenzi ya plastiki hutanuka zaidi kuliko utando mwembamba wa kuzuia mng'ao uliopakwa juu yake. Utando hushindwa kuifuata, ukapasuka nyufa nyembamba kama za udongo uliokauka. Hakuna kasha linaloweza kuzuia hali hiyo ikiwa lenyewe limeachwa juani siku nzima.

SEHEMU ZA KASHA

Kasha kamili lina sehemu tatu: ganda la nje, bitana ya ndani na kifungio. Ganda hustahimili mgandamizo, bitana hulinda lenzi, nacho kifungio huzuia vumbi kuingia na miwani kutoka.

Wengi hutazama ganda pekee wanaponunua. Lakini kasha la chuma lenye bitana iliyobanduka ni hatari kuliko kifuko cha kitambaa, kwa kuwa miwani husuguana na ukingo mgumu kila mwenyewe apigapo hatua.

Jambo jingine ni nafasi. Miwani ya mtu mzima ikikunjwa huwa na urefu wa sentimita 13 hadi 15 hivi. Kasha likiwa dogo, kifuniko huibana. Likiwa kubwa mno, miwani hutikisika na kugonga kuta. Nafasi ya milimita chache kila upande yatosha.

KAZI YA VIWANDANI

Makasha magumu yanayofunguka kama chaza huundwa kwa bati la chuma. Vipande viwili hukatwa, hupindwa kwa mashine ya kugandamiza, kisha huunganishwa kwa bawaba yenye springi. Nje hugundishwa ngozi bandia, na ndani huwekwa bitana ya plastiki iliyopakwa nyuzi fupi zinazofanana na mahameli.

Aina ya pili ni makasha mepesi ya zipu. Hayo huanza kama tabaka la sponji ngumu lililogundishwa kitambaa pande zote mbili. Tabaka hilo hupashwa joto hadi likalainika, hukandamizwa ndani ya kalibu, na likipoa hubaki na umbo la kalibu hiyo. Kisha huzungushiwa zipu kwa cherehani.

Kwa wakazi wa Mombasa, Malindi au Lamu, aina hii ya pili ina manufaa zaidi. Hewa ya chumvi hutafuna bawaba za chuma, na kasha la bati likipata kutu huacha unga mwekundu ulio hatari kwa lenzi.

FUNDI WA NGOZI

Kasha si lazima litoke ng'ambo. Kenya ina mifugo mingi, na mafundi wa soko la Kariokor, Nairobi, wamejulikana kwa miaka mingi kwa mishipi, mikoba na viatu vya ngozi. Ujuzi wa kuunda kasha la miwani hauko mbali na ule wa kuunda mkoba.

Uamuzi wa kwanza ni aina ya ngozi. Ngozi iliyotengenezwa kwa chumvi za kromiamu ni laini na huvumilia maji, lakini haishiki umbo vyema. Ile iliyotengenezwa kwa magome ya miti, kama vile muwati, hulainika ikiloweshwa na kuwa ngumu ikikauka. Hiyo ndiyo ifaayo.

Fundi huhitaji kalibu ya sehemu mbili. Ya kwanza ni kipande cha mbao chenye umbo la miwani iliyokunjwa, yaani urefu wa takriban sentimita 15.5, upana wa sentimita 6 na kimo cha sentimita 3.5, pembe zote zikiwa zimeviringwa kwa msasa. Ya pili ni ubao uliotobolewa tundu la umbo lilo hilo, lakini kubwa zaidi kwa unene wa ngozi kila upande.

Ngozi ya unene wa milimita mbili huloweshwa kwa maji vuguvugu hadi inyumbulike. Hutandazwa juu ya kipande cha mbao, kisha ubao wenye tundu hushushwa juu yake na kubanwa kwa jiriwa. Huachwa kivulini siku nzima au zaidi. Ikianikwa juani ili kuharakisha kazi, hujikunja na kupasuka.

Kipande cha nyuma hukatwa kikiwa bapa, kirefu kiasi cha kupinda juu ya mdomo wa kasha na kuwa kifuniko. Vipande hivyo huunganishwa kwa uzi uliopakwa nta. Fundi hutoboa matundu kwa msharasi, yakiachana milimita nne hivi, kisha hupitisha sindano mbili katika kila tundu kutoka pande tofauti. Mshono wa namna hiyo haufumuki wote hata uzi ukikatika mahali pamoja.

Kifungo kiwe cha shaba nyeupe au ya manjano, si cha chuma kitupu. Dawa ya magome iliyomo katika ngozi ikikutana na chuma penye unyevu hutoa doa jeusi lisilotoka.

Bitana huja mwisho. Kitambaa laini cha pamba chenye manyoya mafupi hukatwa kwa kipimo na kugundishwa kingoni pekee, kwani donge la gundi iliyokauka ni kama jiwe kwa lenzi. Bitana ifunike mshono wote wa ndani.

Kuna tahadhari ambayo mafundi wengi huisahau. Gundi ya viatu ina viyeyushaji ambavyo mvuke wake waweza kudhuru plastiki ya fremu na lenzi. Kasha jipya liachwe wazi penye hewa hadi harufu iishe kabisa kabla ya miwani kutiwa ndani.

KIFUKO CHA KITAMBAA

Asiyemudu kasha la ngozi aweza kushona kifuko nyumbani. Vitambaa viwili vya kitenge au turubai hukatwa kwa sentimita 20 kwa 12, pamoja na sponji nyembamba na bitana ya vipimo hivyo hivyo. Tabaka hizo hushonwa pande tatu, na mdomo hutiwa kifungo au kamba ya kukaza.

Udhaifu wa kifuko ni kwamba hakizuii mgandamizo. Upungufu huo hupunguzwa kwa kuingiza kati ya kitenge na sponji, mbele na nyuma, kipande cha plastiki kilichokatwa kutoka mtungi mkuukuu, pembe zake zikiwa zimeviringwa. Kwa mtoto wa shule ambaye mkoba wake hutupwa huku na huku, kipande hicho ndicho huamua ikiwa miwani itafika nyumbani salama.

MATUNZO

Hata kasha bora hugeuka kuwa adui likijaa vumbi. Yafaa kulipindua na kulipangusa ndani kwa brashi laini kila wiki. Kitambaa cha kufutia lenzi kioshwe kwa sabuni na kukaushwa mara kwa mara, na lenzi zenye vumbi zimwagiwe maji kabla ya kufutwa.

Miwani ikitiwa kashani, mikono ndiyo ielekezwe chini, ili lenzi zisilalie sakafu ya kasha. Kasha la ngozi lililolowa mvua likaushwe kivulini likiwa wazi, la sivyo litaota ukungu, hasa maeneo ya pwani.

Anayenunua kasha dukani au kwa fundi aweza kulijaribu kwa muda mfupi. Apitishe kidole ndani kutafuta ukingo mkali au gundi iliyoganda. Aligandamize kwa kiganja likiwa tupu aone iwapo linabonyea. Kisha atie miwani yake, afunge na kulitikisa karibu na sikio. Likigonga ndani, kasha hilo ni kubwa mno, na kinachogonga ni lenzi au fremu aliyoilipia.