Mashamba ya Wakisii na Waraka wa Papa

Ukipanda mlima wa Manga katika Nyamira, ukaangaza macho pande zote, huoni pori wala uwanda mtupu. Waona chai, migomba, mahindi na nyumba. Kisha chai tena, na migomba, na nyumba. Ua wa shamba hili ndio mwanzo wa shamba la pili. Mwaka 1969, wilaya ya Kisii, ambayo leo ni kaunti mbili za Kisii na Nyamira, ilikuwa na watu wapatao 675,000. Hesabu ya mwaka 2019 ilipata watu 1,266,860 katika Kisii, na 605,576 katika Nyamira. Jumlisha mwenyewe, msomaji, uone kwamba katika miaka 50 watu walikaribia kuwa mara tatu, na ardhi haikuongezeka hata hatua moja.

Nimeanza na hesabu hiyo kwa sababu habari ninayotaka kukueleza yahusu jambo ambalo wazee hawakulitaja mbele ya vijana, nalo ni kuzuia mimba. Lakini wewe u mwanafunzi wa sekondari. Baada ya miaka michache yamkini utaingia chuo kikuu, na baadhi ya vyuo vikuu vya Kenya ni mali ya Kanisa Katoliki, ambalo halikubali dawa wala vifaa vya kuzuia mimba. Katika chuo cha namna hiyo mwanafunzi afanyeje, hasa ikiwa yeye mwenyewe si Mkatoliki? Swali hilo halikuzaliwa jana, na lina mizizi mitatu: mmoja Roma, mmoja Nairobi, na mmoja hapa hapa Kisii.

Tuanze na Kisii. Usidhani kwamba watu wa zamani walizaa ovyo bila fikira. Mtoto alinyonya mwaka mmoja na zaidi, na kunyonyesha huko kulichelewesha mimba iliyofuata, hata watoto wakapishana kwa muda wa miaka miwili au zaidi. Watoto wengi walitakiwa, kwa kuwa wengi walikufa. Wana waliilinda nchi na kuirithi. Binti alipoolewa, ng'ombe wa mahari yake walimwezesha nduguye kuoa. Kisha ikaja amani ya serikali ya kikoloni, zikaja hospitali na chanjo, na vifo vya watoto vikapungua. Lakini desturi ya kuzaa haikupungua pamoja navyo. Mtaalamu mmoja, Sarah LeVine, aliyeishi na kina mama wa Kisii katikati ya miaka ya 1970, alitoa kitabu juu yao mwaka 1979. Wakati huo mama wa Kisii aliyemaliza uzazi wake kwa kawaida alikuwa amezaa watoto zaidi ya wanane. Ni mahali pachache sana duniani palipopita hapo.

Baba mwenye ekari 10 na wana watano aliwaachia kila mmoja ekari mbili. Wana hao nao walizaa wana. Sina haja ya kuendelea na hesabu hiyo, wewe unaiweza.

Dini nayo iliingia Kisii kwa milango miwili, na jambo hili ni la maana sana kwa habari yetu. Mapadri wa Mill Hill walijenga misheni yao Nyabururu mwaka 1911. Muda mfupi baadaye Waadventista wa Sabato walijenga yao Nyanchwa, si mbali na hapo. Tangu siku hizo watu wa Kisii na Nyamira wamegawanyika hasa kati ya makanisa hayo mawili, mara nyingine ndani ya ukoo mmoja. Basi makanisa haya hayasemi neno moja juu ya uzazi. Waadventista, kama walivyotangaza rasmi mwaka 1999, huwaachia mume na mke wachague njia ya kupanga uzazi, ila utoaji mimba hawauhesabu kuwa njia mojawapo. Kanisa Katoliki lakataza kila njia isipokuwa ile ya kujizuia katika siku ambazo mwanamke anaweza kushika mimba.

Kwa nini lakataza? Hapo yatupasa twende Roma.

Hadi mwaka 1930 makanisa karibu yote ya Kikristo yalikuwa upande mmoja katika jambo hili. Mwaka huo maaskofu wa Kianglikana, waliokutana Lambeth, London, walikubali kwamba watu wa ndoa wanaweza kutumia njia za kuzuia mimba kwa sababu nzito. Kabla mwaka haujaisha, tarehe 31 Desemba, Papa Pius wa Kumi na Moja alijibu kwa waraka ulioitwa Casti Connubii, akakataza kabisa. Mwaka 1951 Papa Pius wa Kumi na Mbili aliwaambia wakunga wa Italia kwamba watu wa ndoa, wakiwa na sababu ya haki, wanaweza kufuata siku za mwezi. Elimu ya siku hizo ilikuwa mpya: ilitokana na uchunguzi wa daktari wa Kijapani, Ogino, na mwenzake wa Austria, Knaus.

Kisha kikaja kidonge. Serikali ya Marekani ilikiruhusu kutumika kuzuia mimba mwaka 1960, na mmoja wa madaktari waliokifanyia kazi, John Rock, alikuwa Mkatoliki aliyehudhuria misa. Rock alidai kwamba kidonge hakifanyi ila kurefusha siku za usalama ambazo maumbile yenyewe yamezipanga. Papa Yohane wa Ishirini na Tatu aliunda tume ndogo mwaka 1963 ichunguze jambo hili. Papa Paulo wa Sita akaipanua, akatia ndani madaktari na hata watu wa ndoa. Mwaka 1966 wengi wa wajumbe walitoa rai kwamba mafundisho yanaweza kubadilika. Ulimwengu ukangoja miaka miwili. Tarehe 25 Julai 1968 Papa akatoa waraka wake, Humanae Vitae, wala hakufuata rai ya wengi: tendo la ndoa na uzazi, alifundisha, havitenganishwi kwa mkono wa mwanadamu.

Mzizi wa tatu ulikuwa umekwisha kuota Nairobi. Kundi la raia lilianza kazi ya kupanga uzazi katika miaka ya 1950. Mwaka 1965 Wizara ya Mipango ya Uchumi ilialika wataalamu wa Population Council kutoka New York waje kupima ongezeko la watu, na mwaka 1967 serikali ya Kenya ikaanzisha mpango wa taifa wa kupanga uzazi, wa kwanza wa namna hiyo katika Afrika kusini ya Sahara. Na ni nani aliyekuwa waziri wa wizara ile? Alikuwa Tom Mboya, Mkatoliki, aliyesomeshwa na mapadri. Jambo hili hulisahau wale wanaodhani kwamba mgogoro huu ni kati ya watu wa dini na watu wasio na dini. Mara nyingi umekuwa kati ya Wakatoliki na Wakatoliki.

Dayosisi ya Kisii iliundwa mwaka 1960, na askofu wake wa kwanza alikuwa Maurice Otunga. Basi serikali ilipoanza mpango wake mwaka 1967, na waraka wa Papa ulipotoka mwaka 1968, Otunga alikuwa Kisii. Alihamia Nairobi baadaye, akawa Askofu Mkuu mwaka 1971 na Kardinali mwaka 1973, wa kwanza kutoka Kenya. Katika miaka ya 1990, ukimwi ulipokuwa ukiua maelfu, alisimama pamoja na baadhi ya viongozi wa Kiislamu jijini Nairobi, kondomu zikateketezwa kwa moto mbele ya watu. Wako waliomsifu kwa kutoyumba. Mimi naona kwamba moto ule, katika wakati ule, ulikuwa kosa kubwa. Lakini haifai kumwita mnafiki, kwa maana alisema neno lile lile tangu Kisii hadi mwisho.

Mpango wa serikali ulikwenda kwa mwendo wa kinyonga. Uchunguzi wa mwaka 1977 na 1978 ulionyesha kwamba mwanamke wa Kenya alizaa kwa wastani watoto wanane, na kati ya kila wanawake 100 walioolewa ni 7 tu waliotumia njia yoyote ya kuzuia mimba. Hesabu ya watu ya 1979 ilionyesha ongezeko la asilimia 3.8 kwa mwaka, yaani nchi ingekuwa maradufu kabla ya miaka 20 kwisha. Hapo serikali ilishtuka, ikaunda baraza la taifa la idadi ya watu mwaka 1982.

Ndipo, katika mwezi wa Agosti 1985, Papa Yohane Paulo wa Pili alipozuru Nairobi, akaifungua rasmi huko Lang'ata taasisi ya elimu ya juu iliyoanzishwa na maaskofu wa Afrika Mashariki mwaka uliotangulia. Mwaka 1992 taasisi hiyo ilipewa hati ya serikali, ikawa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki. Mwanzoni ilikuwa ya teolojia. Siku hizi hufundisha sheria, biashara, ualimu na mengineyo, na mlango wake u wazi kwa vijana wa dini zote.

Sasa mfikirie msichana wa Nyamira, binti wa Waadventista, aliyepata nafasi katika chuo cha Kikatoliki. Chuo kinachomilikiwa na maaskofu hakiwezi kugawa kwa mkono mmoja kitu ambacho maaskofu wanakikataza kwa mkono wa pili. Huo ni ukweli usiopingika. Papa Yohane Paulo wa Pili alitoa mwaka 1990 sheria ya vyuo vikuu vya Kikatoliki, Ex Corde Ecclesiae, nayo yadai kwamba mafundisho ya Kanisa yaongoze shughuli zote za chuo. Lakini sheria hiyo hiyo yataka dhamiri ya kila mtu iheshimiwe. Mambo hayo mawili yameandikwa karibu karibu, na jinsi ya kuyapatanisha mbele ya muuguzi wa zahanati ya chuo haikuandikwa.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 nayo ina pande mbili. Kifungu cha 43 champa kila mtu haki ya afya, na chataja wazi afya ya uzazi. Kifungu cha 32 chalinda uhuru wa dhamiri na dini. Msichana wetu anaweza kushika cha kwanza, na chuo kikashika cha pili. Hata Marekani, nchi tajiri, walifika hapo. Sheria ya afya ya mwaka 2010 ilileta kanuni kwamba bima zilipie dawa za kuzuia mimba. Vyuo vya Kikatoliki vikalalamika, na baadhi vikaenda mahakamani. Mwezi wa Februari 2012 Sandra Fluke, mwanafunzi wa sheria wa Georgetown, chuo cha Wajesuiti, aliwaeleza wabunge shida za wenzake, akatukanwa redioni kwa siku kadhaa. Waliomtukana hawakujibu hoja yake hata moja.

Kwetu shida si bima. Shida ni umri, aibu na elimu. Kliniki za mwanzo zilikusudiwa wanawake walioolewa, na msichana wa shule aliyeshika mimba alifukuzwa; kijana mwenzake akaendelea na masomo. Mwaka 1994 ndipo serikali ilipoagiza kwamba mama kijana aruhusiwe kurudi shuleni. Sera za afya ya uzazi ya vijana zilitoka mwaka 2003 na tena 2015. Usomapo tarehe hizo, kumbuka kwamba mzigo wa kuchelewa kwake haukubebwa na maaskofu wala mawaziri.

Haki yadai niiseme pia hoja ya Kanisa kwa nguvu zake. Lilikuwa na sababu ya kushuku wageni waliokuja na fedha nyingi kupunguza Waafrika na fedha kidogo kuwatibu malaria. Limejenga hospitali, kama ile ya Tabaka katika Kisii, na humo hufundisha njia za asili, ambazo huwadai mume na mke wasemezane. Hilo si jambo dogo. Lakini njia hizo zataka mume anayekubali kungoja, na mwanafunzi asiye na mume hazikumkusudia hata kidogo. Kwake neno la Kanisa ni moja tu, ajizuie. Wengine hujizuia. Wengine hawajizuii, na hao chuo hakina la kuwapa.

Wakati wasomi wakibishana, kina mama wa Kisii na Nyamira walikwisha kuamua. Uchunguzi wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba karibu theluthi mbili ya wanawake walioolewa katika kaunti hizi walitumia njia ya kupanga uzazi, zaidi ya wastani wa nchi uliokuwa asilimia 58, na kwamba watoto wao kwa wastani hawakufika wanne. Bibi zao walizaa zaidi ya wanane. Wengi walichagua sindano, kwa kuwa haihitaji kufichwa ndani ya nyumba. Na haiwezekani wote hao wawe ni Waadventista. Na yule msichana wa Nyamira, akitoka nje ya lango la chuo chake, atakuta zahanati ya serikali, na duka la dawa linalouza vidonge vya dharura ambavyo vijana huviita P2. Duka halitamwuliza dini yake. Halitamweleza pia jinsi vidonge hivyo vinavyofanya kazi, wala kwamba havimkingi na ukimwi.