Ubingwa wa Gari Dogo

Sisi wa Afrika Mashariki tukitajiwa mashindano ya magari, akili inakimbilia Safari Rally moja kwa moja: vumbi, matope na watoto wamejipanga pembeni wakipunga mikono. Lakini yako mashindano mengine ninayoyapenda kwa sababu yalijaribu kujibu swali gumu. Gari dogo na gari kubwa yakikimbia pamoja, bingwa ni nani? Nazungumzia ubingwa wa Uingereza wa magari ya kawaida, yale ya kwendea kazini na kupakia familia Jumapili, ulioanza mwaka 1958.

Waandaaji walijua kuwa ukipanga Jaguar na kigari cha sisi 1000 kwenye mstari mmoja, huo si mchezo, ni uonevu. Basi wakayagawa magari kwa madaraja, kufuatana na ukubwa wa injini. Yote yaliingia uwanjani pamoja, lakini pointi ulizipata kwa kuwashinda wa daraja lako. Ni kama ndondi: wa uzito wa unyoya hapigani na wa uzito wa juu. Hata Safari yetu ya kwanza, mwaka 1953, iliyagawa magari kwa bei yake dukani!

Msimu wa kwanza tu, mambo yakakwama. Jack Sears wa Austin na Tommy Sopwith wa Jaguar, kila mmoja mbabe wa daraja lake, wakamaliza sare. Wakubwa wakashauri irushwe shilingi. Madereva wakagoma. Jasho la msimu mzima liamuliwe kwa bahati? Zikaletwa Riley mbili zinazofanana kwenye uwanja wa Brands Hatch, mvua inanyesha. Wakakimbia mizunguko mitano, wakabadilishana magari, wakakimbia mingine mitano. Sears akashinda kwa jumla ya sekunde 1.6. Hapo hakuna wa kulalamika.

Tangu hapo wanyonge wakapumua. Mwaka 1961 bingwa alikuwa John Whitmore na Mini. Mwaka 1962 akawa John Love, mzaliwa wa Bulawayo, Zimbabwe ya leo, naye na Mini. Lakini anayenisisimua hasa ni Bill McGovern. Mwaka 1970, 1971 na 1972 alitwaa ubingwa mfululizo akiwa na Imp, kigari chenye injini ya sisi 998, huku mbele yake zikinguruma gari za Kimarekani zenye injini mara tano ya yake.

Sasa tusemane ukweli. Mshabiki amelipa kiingilio, ameona kwa macho yake nani kakata utepe wa kwanza, halafu anaambiwa bingwa ni yule aliyekuwa huko nyuma. Kijiweni wangesema amebebwa. Mwaka 1988 Andy Rouse na Ford Sierra yake yenye nguvu za farasi zaidi ya 500 alishinda mbio nyingi kuliko mwingine yeyote, lakini ubingwa ukaenda kwa Frank Sytner na BMW M3. Watu walichoka kupiga hesabu.

Mwaka 1991 madaraja yakafutwa. Injini zote sisi 2000, anayetangulia ndiye anayeongoza, basi. Utamu ukakolea. Makampuni yakamiminika: BMW, Vauxhall, Renault, na Volvo ambayo mwaka 1994 ilithubutu kuleta stesheni wagoni! Mwaka huohuo Alfa Romeo ikaja na bawa ambalo wenzake walilipigia kelele mpaka timu ikasusa mbio za Oulton Park. Ilirudi, na Gabriele Tarquini akawa bingwa.

Hebu tazama lakini. Injini zimelinganishwa, mifuko je? Mwenye pesa alinunua mafundi, majaribio na madereva waliotoka Formula One. Gharama zikapanda hadi makampuni yenyewe yakaanza kutoroka. Kufikia mwaka 2000 yalibaki matatu tu: Ford, Honda na Vauxhall. Mwaka 2001 ikabidi zitungwe kanuni mpya za bei nafuu. Baadaye waliofanya vizuri wakawa wanabebeshwa uzito wa ziada katika mbio zinazofuata.

Funzo ninalolichota ni hili: kutolingana hakufi, kunahama. Ukikufukuza kwenye injini, kunajificha mfukoni. Anayetaka haki hana budi kuchungulia chini ya boneti kila baada ya miaka michache na kuandika kanuni upya.

Nasi tunaoandika tunajua hayo. Mwenye taipureta na mwenye kalamu ya wino unaokatika hupimwa kwa mstari mmoja wa mwisho. Siombi tupewe pointi za bure. Naomba tu tunapouliza nani bingwa, tuulize pia alikuwa anaendesha nini. McGovern alikuwa na sisi 998, na jina lake limeandikwa mara tatu.